Titi la kuchapwa kwenye mashine ya mamografia: linafaa wapi, linapotosha wapi

Kila aliyewahi kukagua mashine ya mamografia, yaani ya eksirei ya matiti, anaijua fantomu (titi la bandia la majaribio) ya ACR, chuo cha wanaradiolojia cha Marekani: lile tofali la akriliki lenye kibao cha nta ndani yake. Inasimama badala ya titi lililobanwa hadi unene wa sentimita 4.2, nusu mafuta na nusu tezi. Ndani mna nyuzi 6, mafungu 5 ya vichembe na vivimbe 5. Zikionekana nyuzi 4, mafungu 3 na vivimbe 3, na dozi ya wastani ya tezi isipozidi mGy 3 (miligrei, kipimo cha mionzi inayofyonzwa), mashine imefaulu. Toleo jipya la mashine za dijitali lina nyuzi 6, mafungu 6 na vivimbe 6, vyote vidogo zaidi, na alama za kufaulu ni 2, 3 na 2. Ni kifaa cha heshima, na hatuoni sababu ya kukitoa chumbani, hata sasa tunapolipima titi la bandia linalochapwa kwa printa ya 3D.

Upungufu wake ni kwamba nyuma ya uzi na nyuma ya kivimbe hakuna kitu. Picha yake imetulia kama maji ya mtungini. Titi la mtu halitulii hivyo: mafuta, tezi, mirija na kano hupishana, na mionzi ikishapita vyote vinalaliana katika kivuli kimoja. Arthur Burgess na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba kinachouficha uvimbe machoni pa msomaji ni hasa tishu yenyewe, kuliko chengachenga za mashine, zile punjepunje za picha. Vichembe vidogo vya kalsiamu ndivyo vinavyozidiwa na chengachenga hizo.

Hesabu yake inafanyika hata nyuma ya bahasha. Vipimo vya Johns na Yaffe vya mwaka 1987 vinasema kwamba kwa mionzi ya keV 20 (kipimo cha nishati yake), kiwango cha kufifisha mionzi kwa kila sentimita ni 0.456 kwa mafuta, 0.802 kwa tezi na 0.844 kwa saratani ya mirija. Uweke uvimbe wa milimita 5 katikati ya mafuta: mionzi inayopita hapo inapungua kwa karibu asilimia 18. Uhamishie uvimbe huo huo ndani ya tezi: inapungua kwa asilimia 2 tu. Uvimbe ni ule ule, mashine ni ile ile, dozi ni ile ile. Fantomu ya kibao haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, na hiyo ndiyo tofauti inayoamua kama mwanamke atarudishwa nyumbani na jibu sahihi.

Hapo ndipo modeli za kuchapwa zinapoingia, na hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa kulinganisha mashine mbili za tomosinthesisi (picha za titi tabaka kwa tabaka, zinazopigwa kutoka pembe mbalimbali), kwa kukagua picha baada ya programu ya mashine kubadilishwa, na kwa kuwafundisha wapigaji na wasomaji picha, titi la kuchapwa lina thamani kubwa, tena hata lile la kujitengenezea. Kwa ukaguzi wa kila wiki, na kwa kupima dozi ya kuandika kwenye fomu ya mkaguzi, halifai. Baki na akriliki. Linatofautiana kidogo kutoka nakala hadi nakala, na kipimo cha kila wiki kinataka kitu kisichobadilika.

Tunalinganisha njia tatu: filamenti (uzi wa plastiki unaoyeyushwa na printa), rezini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga) ya kumwagwa kwa matone, na karatasi yenye wino wa iodini. Zote zinaanza na faili la kompyuta, na hapo hakuna haja ya kuhangaika. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitengeneza wagonjwa wa kompyuta 2,986 kwa jaribio lake la VICTRE lililochapishwa mwaka 2018, na programu inayozalisha matiti hayo iko wazi mtandaoni, bure. Unachagua ukubwa na kiasi cha tezi, unalibana titi ndani ya kompyuta, unatenganisha tezi na mafuta, kisha unatoa faili la STL, la umbo linalosomwa na programu ya printa. Ukitumia CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya mgonjwa wa kweli, ondoa kila kinachomtambulisha kabla faili halijatoka hospitalini.

Kwenye kiasi cha tezi usiige fantomu ya zamani. Mwaka 2009 Martin Yaffe na wenzake walipima wanawake wengi na kukuta asilimia 95 wana tezi chini ya asilimia 45 ya titi. Titi la nusu kwa nusu ni la wachache. Chapa modeli mbili: moja ya asilimia 15 hadi 20, nyingine ya tezi nyingi kama walizo nazo wanawake wengi vijana. Ukilazimika kuwa na moja tu, chukua ya tezi nyingi, kwa sababu ndiyo inayoisumbua mashine.

Filamenti: njia ya mwenye printa mezani

Bahati nzuri ya kifizikia imewekwa kwenye plastiki za kawaida. Plastiki ya ABS yenye uzito wa gramu 1.04 kwa sentimita ya ujazo inafifisha mionzi ya keV 20 kwa kiwango cha takriban 0.46, karibu sawa kabisa na mafuta. Plastiki ya PLA ya gramu 1.24 inafika takriban 0.78, chini kidogo tu ya tezi. Akriliki iko katikati, 0.68. Maji ni 0.81, kwa hiyo ni tezi. Mafuta ya kupikia ni takriban 0.44, kwa hiyo ni mafuta ya titi. Mtu akikuambia huwezi kutengeneza titi kwa vitu vya dukani, mwonyeshe namba hizi.

Watu wengi hufikiria kuchapa ABS na PLA pamoja kwa printa ya nozeli (ncha za kutolea plastiki) mbili. Tunashauri uiache njia hiyo. Plastiki hizi hazishikani vizuri, ABS hujikunja ikipoa, na kwenye mpaka wa hizo mbili hubaki ufa wa hewa unaoonekana kwenye picha kama mstari mweusi. Kinachofanya kazi ni hiki: chapa tezi na ngozi kwa PLA kama kipande kimoja, kisha jaza nafasi ya mafuta kwa mafuta ya alizeti. Ngozi iwe na unene wa milimita 1.5. Kipande kiwe kama sanduku lisilo na mfuniko, tezi ikiwa imeota kutoka sakafuni na kutani, na mfuniko wa milimita 1.5 ugandishwe baadaye kwa gundi ya epoksi.

Visiwa vya tezi visivyoshikamana na chochote vitaanguka printa ikiwa kazini. Vifute vilivyo vidogo kuliko milimita 2, na vikubwa vifunge kwa vijiti vya milimita 1. Vijiti hivyo si dosari kubwa, kwani titi lenyewe lina kano za Cooper, zinazolishikilia, zinazopita namna hiyo hiyo.

Sasa mipangilio. Nozeli ya milimita 0.4, tabaka la milimita 0.1 au 0.15, joto la PLA nyuzi 200 hadi 215, sahani nyuzi 60. Ujazo wa ndani lazima uwe asilimia 100. Hata hivyo namba hiyo kwenye skrini isikuridhishe, kwa sababu printa nyingi huacha hewa kati ya uzi na uzi huku programu ikionyesha 100. Chapa kwanza mchemraba wa milimita 20 kila upande. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 8, kwa hiyo wa PLA unapaswa kuwa na gramu 9.92. Upime kwa mizani ya kusoma gramu 0.01. Ukipata 9.5, una hewa asilimia 4 na tezi yako imeshuka kutoka 0.78 hadi 0.75. Ongeza mtiririko wa plastiki kwa asilimia 1 kila mara, chapa mchemraba mwingine, hadi mizani ikubali. Pima pia pande zake kwa kalipa, maana mchemraba uliovimba unaweza kuwa na uzito sahihi na hewa ndani bado.

Mwelekeo wa nyuzi ndani ya tabaka unahitaji uangalifu kuliko mipangilio mingine yote. Printa ikichora nyuzi kwa pembe mbili zile zile, tabaka baada ya tabaka, mianya midogo inapangana wima na picha inatoka na gridi kama neti ya mbu. Gridi hiyo itapotosha kipimo chochote cha kompyuta. Weka pembe izunguke kwa namba isiyojirudia mapema, kwa mfano nyuzi 37 kila tabaka. Na chapa modeli ikiwa imelala vile vile itakavyolala juu ya kipokezi cha mionzi.

Nunua filamenti isiyotiwa rangi. Nyeupe nyingi zina dioksidi ya titani, na titani ina namba ya atomu kubwa ya kutosha kuharibu namba zote tulizotaja. Zenye kumetameta zina unga wa kigeni ambao muuzaji mwenyewe hataweza kukueleza. Ukibadilisha filamenti, rudia mchemraba.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usijaribu kuokoa kipande. Printa nyingi zinaweza kuendelea zilipoishia, lakini tabaka la mwisho limeshapoa na hapo hubaki mshono. Kwenye kikombe au kifuniko hakuna anayeuona. Kwenye tomosinthesisi unaonekana kama uso mzima uliokatwa, na usomaji wa tabaka za jirani unaharibika. Weka printa kwenye betri ya akiba kabla ya kuanza, au usianze.

Kwa kiasi: titi la nusu duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 9 na unene wa sentimita 5 lina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 636. Tezi ya asilimia 20 ni sentimita za ujazo 127, yaani gramu 158 za PLA bila ngozi. Mafuta ya kujaza hayazidi nusu lita. Roli moja ya kilo inatoa modeli kadhaa pamoja na michemraba ya majaribio na kazi zilizoharibika, ambazo hazikosi.

Kuhusu mafuta yenyewe, usitumie ya nazi. Huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba cha mamografia chenye kiyoyozi hufika huko kila siku. Yakiganda yanasinyaa na kuacha nyufa. Alizeti hubaki majimaji. Wala usitengeneze sanduku la ABS kwa ajili ya mafuta, kwa kuwa mafuta ya kupikia huipasua ABS polepole pale ilipo na mkazo.

Adui ni hewa

Tuseme umechapa vizuri, umegandisha mfuniko, umejaza mafuta, na kiputo cha milimita 1 kimebaki chini ya mfuniko. Hapo ambapo palipaswa kuwa na mafuta ya 0.44 pana hewa, na mionzi inayopita inaongezeka kwa asilimia 4 na nusu hivi. Rudi kwenye uvimbe wetu wa milimita 5 ndani ya tezi: asilimia 2. Kiputo kidogo kama punje ya ulezi kinapiga kelele mara mbili zaidi ya uvimbe unaoutafuta. Jicho la msomaji mzoefu litajua kwamba doa jeusi si uvimbe, maana uvimbe hutoka mweupe, lakini programu ya kupima haijui, na mashine inayojipangia mionzi yenyewe inaweza kupotoshwa viputo vikikusanyika mahali inapopimia.

Kwa hiyo acha matundu mawili upande wa kifuani, moja la kumimina na moja la kutolea hewa, yote kwenye kona. Pasha mafuta hadi yawe mepesi kama chai ya moto kiasi cha kushikika, nyuzi 40 zinatosha. Zaidi ya 55 PLA itaanza kulegea. Simamisha modeli kwa kona ili tundu la hewa liwe juu kabisa, mimina polepole ukutani mwa sanduku, gonga kwa kidole, geuza upande wa pili, gonga tena. Iache usiku kucha ikiwa wima na matundu wazi, yamefunikwa kwa kitambaa. Asubuhi ongeza mafuta yaliyopungua, ndipo uzibe. Mwenye pampu ya kuvuta hewa maabara aitumie kwa mafuta kabla ya kumimina, asiitumie kwa modeli iliyozibwa.

PLA iliyochapwa huvuja hata ikionekana imeziba. Paka ndani epoksi nyembamba kabla ya kujaza, acha ikauke, jaza maji ya kawaida kwa siku moja ukiwa umeiweka juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, paka tena. Mafuta yakishaanza kutoka juu ya kipokezi cha mashine hakuna wa kukupongeza, kwa hiyo modeli ivalishwe mfuko mwembamba wa plastiki kila inapopigwa picha.

Rezini na karatasi

Printa za kumwaga rezini kwa matone, kama zile za Stratasys za familia ya PolyJet, hufikia tabaka za mikroni 16 hadi 30 na huchanganya malighafi mbili tone kwa tone. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani kilizitumia kutengeneza matiti yaliyotoka kwenye CT za wanawake halisi. Kwa uzuri wa umbo hakuna anayezifikia: mirija na kano zinatoka nyembamba kama inavyotakiwa, na mpaka kati ya malighafi hauna ufa. Tatizo ni kwamba rezini za dukani zinakaribiana mno. Iliyo laini haishuki hadi mafuta, na ngumu haipandi vya kutosha hadi tezi iliyojaa, kwa hiyo titi linatoka na tofauti hafifu kuliko la kweli. Wanaotaka tofauti kamili wanalazimika kutia viongezi kwenye rezini, na hapo umeondoka kwenye bidhaa ya dukani na kuingia utafiti. Pia rezini huzeeka kwa mwanga, ihifadhi gizani.

Printa ndogo za rezini za mezani hatuzipendekezi kwa modeli nzima. Rezini mbichi hunaswa ndani ya matundu na haitoki hata kwa kuosha, na huendelea kukauka miezi kadhaa ikibadilika uzito. Kwa vivimbe peke yake zinafaa sana.

Njia ya karatasi ndiyo iliyotushangaza kwa wepesi wake. Watafiti wa FDA walitumia printa ya kawaida ya wino, wakatia iodini kwenye wino, wakachapa titi kipande kwa kipande kama kurasa za kitabu. Penye tezi pana wino mwingi, penye mafuta pana karatasi tupu. Kurasa zikipangwa zinakuwa titi. Karatasi ya milimita 0.1 inahitaji kurasa 450 kwa unene wa milimita 45. Karatasi ya ofisini ina unga wa chokaa ndani yake unaofifisha mionzi na kuleta punje kwenye picha. Ile ya kuokea mikate ni safi zaidi. Toboa matundu mawili pembeni ya kila ukurasa na uzipange kwenye vijiti vya plastiki, la sivyo baada ya kurasa mia umbo limeshahama milimita mbili tatu na mirija imekatika. Banisha kwa vibao viwili vya akriliki ili hewa kati ya kurasa itoke, na hesabu unene baada ya kubana.

Iodini inafaa kwa sababu mruko wake wa kufyonza mionzi (nishati ambapo ufyonzaji hupanda ghafla) uko keV 33.2, juu ya sehemu kubwa ya mionzi ya mamografia ya kawaida, kwa hiyo inatenda kama tishu nzito tu. Kwa mamografia ya kutumia dawa ya kuongeza utofauti usithubutu: mbinu hiyo inatafuta iodini hasa, na tezi zako zote zitawaka kama uvimbe.

Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, karatasi hunywa unyevu. Kitabu chako kitaongezeka uzito na kuvimba. Kihifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, kipime uzito kabla ya kila matumizi. Nairobi au Arusha shida ni ndogo zaidi lakini ipo.

Ipo njia ya nne ambayo si ya kuchapa kikamilifu na tunaipenda kwa mwenye bajeti ndogo. Kikundi cha Leuven, Ubelgiji, kilitengeneza fantomu ya chombo cha nusu duara chenye unene wa milimita 48, kimejazwa maji na vitufe vya akriliki vya ukubwa mbalimbali, na ndani vivimbe vilivyochapwa pamoja na vichembe. Tofauti ya maji na akriliki ni 0.13 tu, ndogo kuliko ya tezi na mafuta, lakini inatosha kuleta vurugu nyuma ya uvimbe. Faida yake kubwa: ukitikisa, vitufe vinajipanga upya na unapata mandhari mpya. Picha kumi, mandhari kumi. Modeli ya kuchapwa ina sura moja tu, na msomaji akishaiona mara tatu anakariri uvimbe uko wapi.

Uvimbe na vichembe

Vichembe vya kalsiamu havichapwi. Nozeli ya milimita 0.4 haiwezi kutoa punje ya 0.2, na hata ingeweza, plastiki si kalsiamu. Fantomu ya ACR ya zamani hutumia oksidi ya alumini. Nyumbani ganda la yai ni kalsiamu kabonati kwa sehemu kubwa: lichemshe, ondoa utando wa ndani, likaushe, lisage, lipitishe kwenye chekeche mbili za maabara, za milimita 0.3 na 0.2, uchukue zilizobaki katikati. Weka punje 5 au 6 juu ya karatasi nyembamba ya plastiki kwa tone la epoksi, chini ya kioo cha kukuzia. Epoksi ichanganywe taratibu. Kiputo ndani ya tone kinageuza fungu zima kuwa takataka.

Uvimbe una mtego wake. Ukichapa kivimbe cha PLA ndani ya tezi ya PLA umechapa kitu kisichoonekana, kwa sababu ni kile kile. Saratani ni nzito kuliko tezi, 0.844 dhidi ya 0.802, na PLA iko chini ya zote mbili. Chapa kiganda chembamba chenye umbo la uvimbe, na miiba yake kama unataka wa miiba, kisha ujaze maji ya chumvi. Kwa hesabu, gramu 6 za chumvi ya mezani kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa inafikisha takriban 0.84. Pima chumvi kwa mizani, kijiko kinadanganya. Kiganda kikae kwenye droo ndogo iliyochapwa ndani ya modeli, upande wa kifuani, ili uweze kukitoa na kupiga picha bila uvimbe. Usipokuwa na picha zisizo na uvimbe, huwezi kujua kama msomaji ameuona au amebahatisha.

Kabla ya kuiamini

Piga kwanza picha ya PLA na mafuta pembeni mwa ngazi ya vibao vya akriliki vya unene unaojulikana, kwa kV (volteji ya mrija wa mionzi) utakayotumia, kwenye picha ghafi isiyochakatwa. Ukiona namba za modeli ziko mbali na hesabu, tafuta hewa au rangi kwenye filamenti kabla ya kutafuta kosa jingine.

Kisha iache mashine ijipangie mionzi. Akriliki ya milimita 45 huwakilisha titi la milimita 53, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2006 unataka dozi yake isizidi mGy 2.5. Modeli yako ya unene unaokaribia huo ikidai mAs (kipimo cha wingi wa mionzi inayotolewa) mara mbili ya akriliki, kuna kitu kizito ndani yake. Tumia nguvu ndogo ya kubana, kama nyutoni 50. Titi halisi linalegea. Plastiki hailegei, na bamba la kubana likipinda mashine itasoma unene wa uongo na kuchagua kV isiyofaa. Upande wa kifuani ulingane kabisa na ukingo wa kipokezi. Mwanya wa milimita 3 unaingiza mionzi mitupu na kuharibu ukingo wote wa picha.

Kwenye tomosinthesisi tafuta urefu. Uvimbe ulioweka milimita 20 juu ya meza unapaswa kuwa mkali kwenye tabaka la milimita 20 au karibu sana, ukihesabu pia sakafu ya modeli. Hapa ndipo mashine zinatofautiana waziwazi. Hologic Selenia Dimensions hupita pembe ya nyuzi 15 kwa picha 15. Siemens hupita nyuzi 50 kwa picha 25. Pembe pana hutenganisha tezi iliyo juu ya uvimbe na uvimbe wenyewe vizuri zaidi, na kwenye kibao cha ACR huwezi kuliona hilo hata ukitazama siku nzima. Angalia pia picha bapa (2D) inayotungwa na kompyuta kutokana na tomosinthesisi. Programu ya kuitunga hutafuta vitu vinavyofanana na uvimbe na vichembe na kuvikoleza. Juu ya kibao tupu hukoleza isivyo kawaida, na alama unazotoa hapo hazina maana kwa mgonjwa. Modeli yenye ukingo wa ngozi na tezi za kweli huchakatwa kama titi.

Kama chumba chako kinafuata utaratibu wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, wa ukaguzi wa mbali, ule wa fantomu rahisi ya akriliki na programu ya ATIA, endelea nao bila kubadilisha kitu. Titi la kuchapwa litoke kabatini pale mashine inapopokelewa, programu inapobadilishwa, mrija wa mionzi unapofungwa mpya, au wasomaji wapya wanapoanza kazi.

Mwisho ni utunzaji. PLA ikiachwa ndani ya gari juani inajikunja na haitarudi, kwa hiyo isafirishwe kwenye kisanduku cha barafu bila barafu. Andika juu ya ngozi, kwa kalamu isiyo na metali, tarehe ya kuchapwa, filamenti iliyotumika, uzito ikiwa tupu na uzito ikiwa imejaa. Ipime kila miezi mitatu. Ikipungua zaidi ya gramu 2 inavuja. Iweke juu ya karatasi kavu usiku mmoja, tundu litajionyesha. Mafuta yakianza kunuka, yamwage, suuza, ujaze upya, na urudie kupiga picha ya viputo kabla ya kuirudisha kazini.